Tumenunua mkweche wa mbio ndefu, hela iliyobaki tufunge turbo?

SWALI: Fundi habari za kazi. Sisi ni marafiki wanne, tumechanga tukanunua mkweche, sedani ndogo ya injini 1.8, gia za mkono, tunataka kuingia nayo zile mbio za masaa mengi za magari ya bei chee. Injini inawaka vizuri ila imeshatembea kilomita laki mbili na ushee. Tumebakiwa na hela kidogo. Wawili wanataka tufunge turbo ya skrepa, mmoja anataka shokapu za kushusha gari, mimi sijui nishike upande gani. We ungeanzia wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongereni kwa kuthubutu. Turbo iacheni kabisa, na shokapu zisubiri. Nakupa hesabu ukawaoneshe wenzio. Tuseme raundi moja inachukua dakika 2 na mbio ni ya masaa 14, hapo kuna raundi kama 420 hivi. Turbo ikikupa sekunde 3 kila raundi, na hapo nimekuwa mkarimu, mbio nzima umeokoa dakika 21. Sasa hedi gasketi iungue au hosi ya turbo ichomoke, mkae piti (pale pembeni mwa uwanja magari yanapotengenezewa) dakika 40 tu, zile dakika 21 zote zimeliwa na bado mnadaiwa. Kwenye mbio hizi anashinda aliyezunguka raundi nyingi, kwahiyo gari isiyosimama inaipita gari yenye kasi ambayo kila baada ya lisaa iko juu ya jeki.

Hata waliozianzisha waliliona hilo. Mbio ya magari ya bei chee ya 24 Hours of LeMons ya Marekani, iliyoanza 2006, inasema gari isizidi dola 500, lakini breki, matairi, rimu na vifaa vya usalama havihesabiwi kwenye hizo dola 500. Yani sheria yenyewe inakuonesha hela iende wapi.

Anzeni na kumlinda dereva, hapa sitaki mbane matumizi hata kidogo. Keji ya mabomba, ile inayomkinga dereva ndani gari ikipinduka, ichomelewe na mtu anayezijua keji, kwa bomba la ukubwa na unene ulioandikwa kwenye sheria za mbio mnayoingia, na msije mkatumia bomba la maji. Miguu ya keji ikae juu ya sahani za chuma, isikanyage bodi tupu, maana bodi ya mkweche mara nyingi imeoza chini ya kapeti. Mikanda ya kumfunga dereva kitini ina tarehe ya mwisho kama dawa, kwahiyo someni lebo kabla ya kununua ya mtumba. Ziba kila tundu kati ya tenki la mafuta na dereva. Alafu swichi kuu ya kukata umeme, hii watu wengi wanaikosea: wanakata betri tu, alternita inaendelea kulisha injini na gari haizimi. Mbio yangu ya kwanza tulikwama kwenye ukaguzi asubuhi nzima kwa kosa hilo hilo, tukawasikiliza wenzetu wakianza mbio sisi bado tuko chini ya dashibodi na waya. Ijaribuni nyumbani, washa injini, kata swichi, ikiendelea kunguruma hata kidogo rudi kwenye waya.

Baada ya hapo adui wenu ni joto. Gari ya barabarani ilitengenezwa ikanyagwe moto sekunde chache afu ipumzike, nyie mnaenda kuikanyaga masaa mawili mfululizo kabla ya kubadilishana dereva.

Breki kwanza. Maji ya breki yanafyonza unyevu wa hewa kadri yanavyokaa. DOT 4, aina moja ya maji hayo, ikiwa mpya inachemka nyuzi 230 kwenda juu, ikishafyonza unyevu kiwango chake kinashuka mpaka 155, na maji yakichemka ndani ya paipu yanafanya mvuke, mvuke unabonyea, pedo inazama mpaka chini na gari haishiki. Mwageni yote ya zamani mweke mapya. Pedi za kawaida hazitoboi, nunueni za mbio, tena zile za mbio ndefu, hii ndo sehemu ambayo mimi ningeweka nusu ya hela yenu bila kujiuliza. Toeni zile bati za nyuma ya diski ili hewa ipite, na beringi za magurudumu ya mbele wekeni mpya hata kama hazilii.

Maji ya injini: rejeta nzima, mfuniko wake mpya, hosi zote mpya. Themostati, ile vavu inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta, msiitoe kama mafundi wengi wanavyopenda kushauri, kuna injini ukiitoa maji yanapita njia ya mkato yanarudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta, gari inachemsha zaidi. Halafu kata vipande vya bati au plastiki ngumu uzibe pembeni mwa rejeta, juu na chini, ili hewa inayoingia mbele ilazimike kupita katikati ya rejeta, maana hewa ikipata upenyo pembeni itapita huko. Kazi hiyo haigharimu karibu chochote na nimeiona ikiponyesha magari yaliyokuwa yanachemsha kila mbio. Kulenti msiweke, wekeni maji matupu, ile ikimwagika inateleza vibaya na viwanja vingi hawairuhusu.

Oili ndo inayoua injini kimya kimya. Kwenye kona ndefu oili yote inakimbilia upande mmoja wa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa, beringi za konrodi zinakaa kavu sekunde moja mbili, ukirudia hivyo mara mia injini inanoki. Fungueni sampo mchomelee vibati vya kuzuia oili isikimbie, na jazeni nusu lita juu ya alama. Ile taa ya oili ya kiwandani inawaka presha ikiwa imeshakaribia kuisha kabisa, umechelewa. Fungeni swichi inayowasha taa kubwa nyekundu presha ikishuka chini ya PSI 20, iwe mbele ya macho ya dereva. Geji ya joto nayo msiiamini peke yake, maji yakiisha yote sensa inabaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka, dereva anadhani gari imepoa kumbe inaungua. Na wote wanne mkubaliane kubadilisha gia mapema, mizunguko (RPM) elfu moja kabla ya mstari mwekundu, injini ya laki mbili itawavumilia mkiiheshimu.

Mafuta yakifika robo tenki gari inaweza kukata kwenye kona kwa sababu hiyo hiyo ya kukimbilia upande, kwahiyo pigeni hesabu ya kujaza kabla ya hapo. Wakati wa kujaza injini imezimwa, dereva ametoka nje, mmoja ameshika mtungi wa kuzimia moto pini imeshatolewa.

Hela ikibaki nunua akiba: hosi, mkanda wa feni, pampu ya mafuta, alternita, habu moja ya mbele na stadi zake. Vya mtumba vinatosha.

Na tafadhali msiende kwenye mbio na gari ambayo haijawahi kukimbia masaa mawili bila kusimama. Tafuteni siku ya mazoezi uwanjani, kila nati ya maana ipigwe mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, mkirudi tembezeni macho, mstari uliokatika ni nati iliyolegea. Siku hiyo hiyo fanyeni zoezi la kubadilishana dereva, mnene na mwembamba, mrefu na mfupi, maana mikanda ndo inakula muda kuliko mnavyofikiria.

Huyo rafiki wa shokapu mwambie simkatai, mkimaliza mbio mbili bila kuvunjika zifungeni. Ila kabla hamjachomelea chochote nitumie picha za chini ya kapeti, upande wa miguu ya dereva na pale nguzo za nyuma za keji zitakapokaa, nione kutu imefika wapi.