Wasomaji Wanauliza: UTI isiyosikia dawa

Barua tulizozichagua safari hii zote zinazungumzia sehemu moja ya mwili, chini ya kitovu. Tumezifupisha.

Nina miaka 34. Huu mwaka wa pili nasumbuliwa na UTI sugu. Kibofu kikijaa kidogo tu panauma juu ya kinena, nikikojoa napata nafuu, baada ya muda yanaanza upya. Usiku naamka mara nne hadi tano. Nimemeza sipro, nimemeza azuma, nimechomwa sindano za siku saba. Dozi ikiisha, yanarudi. Duka la dawa wananiambia wadudu wamekuwa sugu. Nifanyeje?
*Mama F., Area C, Dodoma*

Mama F., usinunue dozi nyingine kwanza. Katika barua yako kuna jambo linalotutia shaka kama hii ni UTI kweli: maumivu yanapanda kibofu kikijaa na yanashuka ukishakojoa. UTI ya kawaida huunguza mkojo unapopita, huja ghafla, na dawa sahihi huituliza ndani ya siku mbili tatu. Maumivu ya miaka miwili yanayofuata kujaa kwa kibofu yana tabia nyingine.

Kipimo kitakachokata mzizi wa fitina ni kuotesha mkojo, yaani maabara kuuacha ili wadudu, kama wamo, wakue waonekane. Kile cha kuchovya kijiti au kuangalia kwenye darubini peke yake hakitoshi, kwa sababu "chembechembe za usaha" zinazoandikwa kwenye karatasi mara nyingi zimetoka ukeni wakati wa kukojoa, na mgonjwa anaondoka na mfuko wa antibayotiki asizozihitaji. Kama huna homa, kaa angalau wiki moja bila antibayotiki yoyote kabla ya kupima. Nawa kwa maji tu, panua mashavu ya uke kwa vidole, mkojo wa kwanza uache uende chooni, kinga wa katikati kwenye kikopo cha maabara kisichoguswa ndani, kisha funika. Ufike maabara ndani ya saa mbili. Ukikaa kwenye pochi na jua la Dodoma hadi saa sita mchana, wadudu wachache wa ngozi wanazaliana na majibu yanakudanganya. Ukiona utachelewa, uweke kwenye friji. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu. Wadudu wakiota, karatasi itataja dawa inayowaua, na hapo ndipo dozi ina maana. Wasipoota mara mbili mfululizo, sipro haina cha kuua.

Majibu yakiwa safi, daktari anatakiwa kuondoa magonjwa mengine kabla hajakupa jina la ugonjwa. Sukari na mimba, vipimo vya dakika chache. Ultrasaundi ya figo na kibofu kutafuta mawe. Uchunguzi wa mlango wa kizazi na wa maambukizi ya nyonga. Chembechembe za usaha zikiwa nyingi na wadudu hawaoti, aulizie TB ya njia ya mkojo, maana TB haioti kwenye kipimo hiki cha kawaida. Na kama ulikulia Pwani au Kanda ya Ziwa ukiogelea madimbwini, taja kichocho, hata kama ni zamani. Mkojo wa kichocho huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi. Tiba yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja baada ya kula: mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600.

Kama vyote hivyo havipo na maumivu yamepita wiki sita, jina lake ni ugonjwa wa maumivu ya kibofu. Ukuta wa ndani wa kibofu na mishipa yake ya fahamu vimekuwa vyepesi kuumia, na baadhi ya wagonjwa wana vidonda ndani, ambavyo Guy Hunner, daktari wa Marekani, alivieleza mwaka 1915. Hauambukizi, na si kansa. Tiba ya kuung'oa moja kwa moja haipo, lakini wengi hupata nafuu kubwa, na nafuu hiyo huanzia nyumbani.

Anza na daftari la mkojo kwa siku tatu. Nunua jagi la plastiki lenye alama za mililita. Kila ukikojoa andika saa, kiasi, na maumivu kwa alama 0 hadi 10. Kila ukinywa andika ulichokunywa. Mtu mzima hukojoa mara sita hadi nane kwa siku, na kibofu hubeba mililita 300 hadi 500. Daftari likionyesha unakwenda mara 15 ukitoa mililita 100 kila safari, tatizo ni kibofu kushindwa kuvumilia. Likionyesha jumla ya zaidi ya lita tatu kwa siku, ama unakunywa kupita kiasi, ama sukari ipimwe upya. Mpelekee daktari daftari hilo, litamwambia mengi kuliko kusema "nakojoa sana".

Halafu chakula. Kwa wiki mbili acha kahawa, chai ya rangi, soda (za kola hasa), pombe pamoja na mvinyo wetu wa zabibu, ndimu, machungwa, nyanya nyingi, pilipili na vidonge vya vitamini C. Orodha za vitabuni hazitaji ubuyu na ukwaju, ila ni vichachu kama ndimu, kwa hiyo sisi tunaviweka kundi hilohilo. Tunajua kumnyima mtu wa Dodoma juisi ya ubuyu ni kumwonea. Ni wiki mbili tu. Kula ugali wa uwele au mtama, wali, viazi, mlenda usio na nyanya, maziwa, kuku, tikiti maji. Baada ya hapo rudisha kitu kimoja kila siku tatu. Kitakachokuumiza kwa kawaida kitajionyesha siku hiyohiyo au kesho yake. Kosa la wengi ni kurudisha vitu vitatu kwa pamoja sikukuu ikifika, wasijue kipi kimewachoma, kisha wakaacha vyote maisha yao yote bila sababu. Kuna ambao chakula hakiwaumizi hata kidogo. Ukiwa miongoni mwao, kula.

Maumivu yakipanda, weka mfuko wa maji ya moto juu ya kinena au kati ya mapaja kwa dakika 15 hadi 20, umeuzungushia khanga. Usitie maji yanayochemka kwenye chupa ya maji ya dukani: plastiki hunywea, kifuniko huachia, na mtu akaungua mapaja.

Hayo yasipotosha, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini. Ni dawa ya zamani ya sonona, ambayo kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya kibofu. Huanzwa na miligramu 10 jioni, saa moja au mbili kabla ya kulala, na huongezwa taratibu. Nafuu huja baada ya wiki tatu hadi sita, wakati usingizi mzito na mdomo kukauka huanza siku ya kwanza, ndiyo maana wengi huitupa kabla haijafanya kazi. Mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo au presha ya macho, au unatumia tramadoli. Usijiandikie mwenyewe. Hatua inayofuata ni kuangaliwa kibofu kwa kamera na kuwekewa dawa ndani yake kwa mpira. Kwa hapa, madaktari wa mfumo wa mkojo wapo Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kama unatumia bima, anza kituo cha chini upate barua ya rufaa.

Nilisoma mtandaoni kwamba mazoezi ya Kegel, kubana kama unazuia mkojo, yanatibu kibofu. Nimeyafanya mwezi mzima, mara mia kwa siku. Maumivu yamezidi, na tendo la ndoa limekuwa adhabu. Nimekosea wapi?
*Msomaji wa Mpwapwa*

Hukukosea namna ya kubana, dada. Umepewa zoezi la ugonjwa mwingine. Kegel ni ya misuli ya nyonga iliyolegea, ya mama anayevujisha mkojo akikohoa au akicheka. Mwenye maumivu ya muda mrefu mara nyingi ana shida ya kinyume: misuli hiyo imejikaza kutwa kucha kujihami, kama ngumi iliyosahau kufunguka. Kuikaza mara mia zaidi ni kuichosha na kuiumiza. Ndiyo maana unaumia wakati wa tendo, na bila shaka mkojo nao unaanza kwa kusitasita.

Acha Kegel. Lala chali sakafuni juu ya mkeka, miguu kuanzia goti iwe juu ya kiti au kitanda. Mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, tumbo lipande, na usikilize sehemu ya chini, kati ya uke na njia ya haja kubwa, ikishuka na kupanuka kidogo. Toa pumzi taratibu ukihesabu hadi sita, bila kubana chochote. Dakika kumi, asubuhi na jioni. Siku za mwanzo hutahisi kitu kikishuka, ni kawaida. Kosa linaloharibu zoezi hili ni kusukuma kama unajisaidia. Usisukume.

Na chooni vilevile. Choo cha kuchuchumaa ni rafiki yako ukikanyaga kwa nyayo zote mbili. Kibaya ni kuning'inia nusu juu ya choo cha kukalia, kama tufanyavyo stendi kwa kuogopa uchafu: mapaja yanakaza, nyonga inakaza, mkojo unabaki. Tandika karatasi ukae. Usikojoe "kwa tahadhari" kila unapopita mlango wa choo; ukihisi kubanwa na hakuna maumivu makali, ahirisha kwa dakika kumi na tano, na kila wiki ongeza nyingine. Choo kigumu nacho hubana kibofu kwa nyuma, kwa hiyo mboga za majani na maji. Mfiziotherapia anayejua nyonga akipatikana kwenye hospitali ya rufaa, nenda. Tendo likiuma, simamisheni kwa sasa hadi misuli ilegee. Kuvumilia huku umekaza meno kunaifundisha kukaza zaidi.

Je, ni haya maji yetu ya chumvi ndiyo yanatuumiza vibofu?
*Kikundi cha akina mama, Nkuhungu*

Maji ya visima vya huku, yakiwemo ya Makutupora ambayo jiji limeyategemea kwa miaka mingi, yana madini, na sufuria zenu zinashuhudia. Lakini madini hayo si chanzo kinachojulikana cha maumivu ya kibofu. Kinachoumiza zaidi ni kwamba maji yakiwa na ladha ya chumvi mtu hunywa glasi mbili kwa siku, kwenye jua na vumbi la Septemba, na mkojo unakuwa mzito na mkali. Mawe nayo hupenda mkojo wa namna hiyo. Lengeni lita moja na nusu hadi mbili, zaidi kidogo kwa anayelima, kwa kunywa kidogokidogo. Rangi ya mkojo iwe njano hafifu. Kunywa lita tano "kusafisha kibofu" kunakinyanyasa tu.

Mimi ni dereva wa bodaboda, miaka 29. Miezi mitano sasa panauma kati ya korodani na njia ya haja kubwa, hasa baada ya kumwaga. Nimetumia dawa za kisonono mara tatu, na mwingine kaniuzia dawa za nguvu za kiume.
*K., Kibaigwa*

Kaka, dawa za nguvu za kiume ziache leo. Hazina kazi hapo na baadhi hushusha presha vibaya. Maumivu ya nyonga kwa mwanaume yaliyozidi miezi mitatu, mara nyingi hayana wadudu. Pima mkojo kwa kuotesha, pima kisonono na klamidia mara moja kwa uhakika, daktari akague tezi dume kwa kidole. Vikiwa safi, usirudie antibayotiki. Shuka kwenye pikipiki kila baada ya dakika 40, utembee kidogo. Kiti kiwe kipana, cha sponji isiyokufa. Zoezi la kupumua tulilomweleza msomaji wa Mpwapwa linakufaa neno kwa neno. Kama mkojo unatoka kwa kusuasua, daktari anaweza kujaribu tamsulosini miligramu 0.4 kwa siku, ila ukiamka usisimame ghafla, inaweza kukupa kizunguzungu.

Mama mkwe anasema kizazi kimeshuka, nijifukize na niweke shabu ukeni ili kibane. Ni salama?
*Bi harusi, Kondoa*

Mwamkie mama mkwe, lakini shabu usiiweke. Inakausha na kuchubua ukuta wa uke, na mkojo ukipita kwenye michubuko unaunguza kuliko mwanzo; wengine huishia kutibiwa UTI ambayo hawana. Mvuke nao umeunguza wengi. Kizazi kilichoshuka huleta uzito unaozidi jioni na kupungua ukilala, na ukinawa unagusa kinyama mlangoni. Mkunga au daktari anakiona kwa uchunguzi wa dakika tano. Ukitaka kutuliza maumivu, kaa kwenye beseni safi la maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, bila Dettol, bila chumvi, bila sabuni. Lakini usikae kwenye beseni, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona damu kwenye mkojo, homa ya kutetemeka na maumivu ya ubavuni, mkojo ukigoma kabisa kutoka, ganzi kati ya mapaja, au ukiwa na mimba.