"Mchakato wa Uchakataji": Nani Anachakata Nini?

Mwalimu wa kemia anauliza kama aandike "soli-jeli" au "soli na jeli". Sentensi yake: "Mchakato wa uchakataji wa soli-jeli huathiri muundo wa kioo."

Andika soli-jeli, kwa kistari, kwani njia ni moja: soli, kimiminika chenye chembe ndogo mno, hugeuzwa jeli, kisha kioo. Swali limekwisha. Sasa tuingie kwenye sentensi yenyewe.

Mchakato wa uchakataji! Mzizi ni ule ule, chakata, kitenzi cha watu wa kazi: huchakatwa mkonge, muhogo, samaki. Kikazaa mchakato, mtoto akapanda cheo. Leo barua yako haijaandikwa, unaambiwa ipo kwenye mchakato. Barabara haijajengwa, mchakato unaendelea. Hata posa siku hizi ina mchakato. Ofisini neno hili hufunika kazi isiyofanyika. Katika kemia linafunika kazi iliyofanyika, nami hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi.

Maana vitenzi vipo tele! Mfaransa Ebelmen, miaka ya 1840, aliacha ethili silikati, kimiminika chenye silikoni, inyonye unyevu wa hewa polepole, akapata kitu king'avu kama kioo bila tanuri. Maji huivunja, vipande huungana, na soli iliyokuwa kimiminika huganda ikawa jeli. Huganda bila baridi, kama maziwa. Muundo huanza kuamuliwa hapo. Ukitia asidi, hurefuka minyororo yenye matawi machache na vitundu vidogo mno. Ukitia amonia, hujikusanya chembe za mviringo zenye nafasi pana kati yake. Ukiikausha jeli kwa pupa hupasuka, kwa sababu kimiminika kinachotoka huvuta kuta za vitundu. Ikishakauka huchomwa, vitundu vizibe, kwenye nyuzijoto 1,000 na ushei, ilhali silika, yaani kitu kile kile cha mchanga, ikiyeyushwa hudai zaidi ya 1,700.

Hesabu mwenyewe: kuvunja, kuungana, kuganda, kukausha, kuchoma, kuziba. Ni kipi hapo kilichohitaji kuchakatwa?

"Huathiri" nalo liache; ukame huathiri mazao. Andika: "Namna soli inavyoganda na jeli inavyokaushwa na kuchomwa ndiyo huamua muundo wa kioo." Mhariri akishikilia kuwa bila mchakato si sayansi, mpe mmoja kwenye kichwa cha makala. Uchakataji abaki nao yeye.