Pinboli ya zamani: flipa imelegea

SWALI: Nina pinboli (mashine ya mchezo wa mpira wa chuma) ya kampuni ya Gottlieb ya miaka ya 1970, ile ya relei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Flipa ya kushoto, kile kijikono kinachopiga mpira, haina nguvu, mpira haufiki juu. Nibadilishe koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma?

JIBU: Usinunue koili bado, mara nyingi si yenyewe. Chomoa umeme, toa mpira, inua ubao wa kuchezea utazame chini yake. Koili ya flipa ina waya wa aina mbili: mnene wa kupiga, mwembamba wa kushikilia. Pembeni pana swichi ndogo ambayo ncha zake hugusana, zikaachana tu flipa inapofika mwisho. Zikishika masizi, umeme hulazimika kupitia hata waya mwembamba, na pigo linakuwa goigoi. Zisugue kwa tupa laini mpaka zing'ae, kisha pinda jani la swichi ili flipa ikiwa juu ziachane kama milimita 3. Zisipoachana kabisa koili itaungua, na hapo utainunua kweli.

Chomoa pia kile chuma kinachoingia ndani ya koili. Kichwa kikiwa kimetanuka kama uyoga, kichonge, na uweke mrija mpya wa nailoni ndani ya koili, chuma kinamopita. Oili usitie humo: inanasa vumbi na kuwa gundi.

SWALI: Imeandikwa volti 120. Nichomeke tu hapa Mombasa?

JIBU: Hapana, weka transfoma ya kushusha kutoka 240. Fyuzi ikikatika, rudisha ya ampea zilezile. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara si fyuzi.