Kwa nini nguzo za makanisa ya Norwei haziozi?

SWALI: Fundi, nasikia Norwei kuna makanisa ya mbao yenye umri wa miaka zaidi ya 800. Nguzo za banda langu nilizipaka oili chafu kabla ya kuzifukia, na bado zilioza kwa miaka mitano. Wenzetu walitumia dawa gani?

JIBU: Dawa ipo, nitaifikia. Ila ujue kwamba hata wao walianza kama wewe. Makanisa yao ya mwanzo, ya karne ya 11, yalisimama kwenye nguzo zilizofukiwa ardhini, na hakuna hata moja lililobaki. Pale Urnes, penye moja ya makanisa hayo ya mbao, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mashimo ya nguzo hizo chini ya kanisa la sasa.

Mafundi walipojenga upya walilaza boriti nene juu ya msingi wa mawe, kisha wakasimamisha nguzo juu ya boriti hizo. Mbao za ukuta nazo zimesimama wima, zimechomekwa kwenye mfuo uliochongwa katika boriti. Kitako cha nguzo hakigusi udongo tena, kikilowa, kinakauka. Kwangu mimi, siri kubwa ni hiyo. Pete za miti, yaani mistari ya ukuaji wa kila mwaka ndani ya mbao, zinaonyesha kwamba magogo ya Urnes yalikatwa majira ya baridi ya 1131–32, na ya kanisa jingine, la Borgund, 1180–81.

Mbao zenyewe ni msonobari uliokua polepole kwenye baridi, na walichagua moyo wa mti, ule uliojaa utomvu. Dawa uliyoiuliza ni lami inayopatikana kwa kuchoma taratibu visiki na mizizi ya msonobari. Hupakwa nje tena na tena, kizazi hadi kizazi, hasa ukuta wa kusini unaopigwa na jua.

Makanisa haya ya mbao yanakisiwa kuwa yalikuwa zaidi ya 1,000 zamani. Leo yamebaki 28. Inaniuma kwamba mengi hayakuuawa na kuoza. Sheria ya 1851 ilitaka kanisa litoshe watu 3 katika kila 10 wa parokia, na mengi madogo yakabomolewa. Borgund lilipona kwa kununuliwa na chama cha uhifadhi mwaka 1877.

Kuhusu banda lako: mimina vitako vya zege vinavyochomoza juu ya ardhi, nguzo zikae juu yake kwa vyuma, na paa litokeze nje ya ukuta. Mchwa uwakague mwenyewe kila mara, maana mafundi wa Norwei hawakuwa na adui huyo.