Kabla Hamjaunganisha Droo, Unganisheni Madaftari

Mwenzangu aliuza vitambaa, mimi nilishona. Tulianza mwaka mmoja, kila mtu na lake, na wote wawili tulianza vibaya. Nilinunua cherehani tatu na mashine ya ovaloki kabla sijapata kazi ya kutosha hata cherehani moja. Pango nikawa nalipa kwa advansi za wateja, yaani nakula pesa ya nguo ambazo bado sijazikata. Yeye naye alikopesha ili mzigo utembee. Mzigo ukatembea kweli, pesa ndiyo haikurudi.

Tuliona faida ya kuungana kwa sababu wateja walikuwa walewale: mtu ananunua kitambaa kwake, anakuja kushonesha kwangu. Lakini nakiri kwamba kilichotusukuma zaidi ni uchovu, na uchovu ni mshauri mbaya. Hasara mbili ukiziweka chini ya paa moja zinabaki hasara, tena kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla hamjakubaliana lolote, tajeni kwa jina gharama itakayoondoka na mauzo yatakayoongezeka. Sisi tuliweza kutaja pango moja, bili moja ya umeme, na oda ya kushona kwa mtu aliyekuwa akiondoka na kitambaa mkononi. Msipoweza kutaja kitu cha namna hiyo, bakini mbalimbali na mpelekeane wateja kwa kamisheni. Hilo nalo ni ushirikiano, na halina hatari.

Kisha tukafunga milango siku mbili, tukahesabu. Mimi nashika futi, yeye anaandika. Kila jora tulilikunjua na kulipima upya, maana lebo inasema mita 30, ndani zimebaki 18. Ubishi ulizuka tulipofika kwenye ovaloki. Nilitaka ihesabiwe kwa bei niliyonunulia. Akaniuliza, "Dada, ukiiuza leo utapewa ngapi?" Haikufika nusu. Iliniuma, lakini alikuwa sahihi, na kipimo hichohicho tukakitumia kwa majora yake yaliyopauka: bei ya kuyaondoa leo, siyo ya siku alipoyanunua. Madeni ya wateja yaliyopita miezi sita tuliyaandika sifuri. Likilipwa siku moja, ni la aliyekuja nalo.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Chukua mali yote kwa bei ya leo, ongeza pesa taslimu na madeni yanayolipika, toa unachodaiwa. Mwenye mali ya 100 anayedaiwa 40 ameleta mtaji wa 60. Mwenye mali ya 50 asiyedaiwa kitu ameleta 50. Kwa macho, wa kwanza anaonekana ana mara mbili ya mwenzake, kumbe wanakaribiana sana. Ndiyo maana kugawana nusu kwa nusu "kwa sababu sisi ni marafiki" kunaumiza mtu, mara nyingi yule mwenye adabu ya kutokopa.

Jioni ya siku ya pili aliniuliza kama nina deni jingine lolote. Nikasema sina. Nilikuwa nadaiwa na msambazaji wa nyuzi na vifungo, na nilijiambia nitalimaliza kimyakimya kwa mauzo ya mwezi wa kwanza. Mauzo ya mwezi wa kwanza hayakutosha hata pango. Wiki ya sita yule bwana akaja dukani na ankara zenye saini yangu, mimi nimetoka. Mwenzangu akamlipa kutoka kwenye droo. Niliporudi alinipa zile karatasi, wala hakupandisha sauti. "Dada, sasa sijui kingine ni kipi."

Kuanzia siku ile akawa anahesabu droo mara mbili kwa siku. Sikuwa na haki ya kulalamika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami niliona kwamba hata imani hupotea kwa njia hiyohiyo. Tulirudia hesabu yote kuanzia mwanzo na fungu langu likashuka kutoka asilimia 50 hadi 44. Nakusihi ndugu msomaji: deni unaloona aibu kulitaja ndilo lianze kutajwa. Katika nchi nyingi, wabia wa ubia wa kawaida hubeba madeni ya biashara wote kwa pamoja, na mdai anaweza kumfuata yeyote kati yenu hadi kwenye mali yake binafsi. Mwenzako ana haki ya kujua anaingia kwenye nini. Mkisajili kampuni yenye dhima ya kikomo, yaani ambayo madeni yake kwa kawaida hayafiki kwenye mali zenu binafsi, mambo ni tofauti, ila benki nyingi bado zitawataka nyinyi wenyewe muudhamini mkopo.

Jambo jingine lililotutesa ni nani aseme neno la mwisho. Tulikuwa tunaulizana kila kitu, hata aina ya hanga. Mwaka 1998 kampuni za magari za Daimler-Benz ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani ziliungana na kujitangaza kuwa ni muungano wa walio sawa, na mwaka 2007 Daimler ikauza sehemu kubwa ya Chrysler. Kampuni za ukubwa ule, zenye wanasheria kila kona, nazo zilishindwa kuishi na neno hilo "sawa". Sisi tuligawana maeneo. Mafundi, mashine na tarehe za kukabidhi kazi ni zangu. Manunuzi, bei na kukopesha ni zake. Anayehusika akishaamua, mwingine anaweza kushauri, hawezi kutengua. Mkopo mpya na mali kubwa ndivyo vinahitaji saini mbili, na benki tuliiandikia hivyo.

Mshahara na faida msivichanganye. Mimi nilikaa dukani siku nzima, yeye nusu siku, na kwa miezi tulinuniana bila kujua sababu. Dawa ilikuwa kila mtu alipwe kwa saa anazofanya kazi, kama angelipwa mfanyakazi mwingine, kisha kinachobaki kigawanywe kwa asilimia za mtaji.

Jina jipya, kibao, rangi ya mifuko: tulipoteza wiki tatu hapo na sioni kama palistahili. Namba za simu za zamani ndizo za kutunza. Yangu iliendelea kupokea oda mwaka mzima.

Andikeni pia namna ya kuachana, mkiwa bado mnapendana: taarifa ya miezi mitatu, thamani ihesabiwe kwa kipimo kilekile cha siku ya kuungana, na anayebaki apewe nafasi ya kwanza ya kununua fungu la anayeondoka. Sisi tuliandika baada ya yale ya nyuzi, na ilikuwa kazi ngumu kweli, kwa sababu kila kipengele kilionekana kama mtu anajiandaa kuondoka.

Madeni yetu ya zamani tuliyaweka kwenye daftari moja, ukurasa wake kushoto, wangu kulia, likikaa wazi juu ya meza ya kukatia. La mwisho kufutwa lilikuwa langu, mwezi wa kumi na nne. Alilikata kwa kalamu yake mwenyewe, akaandika tarehe pembeni. Kesho yake aliihesabu droo mara moja tu.