Kusafiri na mbwa kwenda Ulaya: majibu kuhusu chanjo, vyeti na dawa

Mbwa wangu alichanjwa kichaa cha mbwa mwezi Januari, akawekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi mwezi Machi. Juni tunahamia Ujerumani kutoka Moshi. Je, nyaraka zake zinatosha?

Nasikitika kusema kwamba hazitoshi. Umoja wa Ulaya huhesabu chanjo iliyotolewa baada ya chipu kuwekwa au siku hiyohiyo, kwa kuwa ya kabla ya hapo haithibitishi kwamba aliyechanjwa ni mbwa huyu na si mwingine. Achanjwe upya. Tena, Tanzania haimo katika orodha ya nchi zilizolegezewa masharti, hivyo damu yake itatolewa baada ya siku zisizopungua 30 na kupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, ambako kingamwili za kichaa cha mbwa sharti zifikie uniti 0.5 kwa mililita. Kisha mtasubiri miezi 3, ikihesabiwa tangu siku ya kutoa damu, wala si siku majibu yalipofika. Akichanjwa tarehe 10 Aprili, damu itatolewa mapema kabisa tarehe 10 Mei, na hataweza kuingia kabla ya tarehe 10 Agosti. Najua inauma kumwacha nyuma, lakini ni heri abaki kwa ndugu anayemzoea kuliko kuzuiliwa karantini au kurudishwa.

Cheti cha afya hutolewa mwishoni, ndani ya siku 10 kabla ya kuwasili, na huidhinishwa na daktari wa mifugo wa serikali. Kabla hakijatiwa saini, mwombe daktari apitishe mashine ya kusomea chipu juu ya mabega ya mbwa, kisha zisomeni tarakimu zote 15 kwa sauti, moja moja, mkizilinganisha na cheti, kitabu cha chanjo na majibu ya maabara. Nimewahi kukuta 6 imeandikwa mahali pa 8, siku mbili tu kabla ya safari, ikabidi cheti kiandikwe upya.

Sisi tunatoka Nairobi kwenda Uingereza. Dawa ya minyoo apewe lini?

Masharti ya chipu, chanjo na damu ni yaleyale, ila Uingereza huongeza dawa ya tegu yenye prazikwanteli, ambayo daktari humpa mbwa kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia nchini, akiandika tarehe na saa kwenye cheti. Akipewa Jumatatu saa nne asubuhi, awasili kati ya Jumanne na Jumamosi saa kama hiyo. Fahamu pia kwamba mbwa anayefika huko kwa ndege kwa kawaida husafirishwa kama mzigo, si pamoja nawe ndani.

Ninaishi Ujerumani. Nikija naye Tanga likizo, nitasubiri miezi 3 kurudi?

Hapana, mradi apimwe damu huko kabla ya kuondoka, matokeo yaandikwe katika pasipoti yake, na chanjo isipitwe na muda.

Nimpe dawa ya usingizi ndani ya ndege?

Usimpe. Dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kuzorotesha upumuaji, na huko chini kwenye mizigo hakuna wa kumwangalia. Nunua mapema kizimba anachoweza kusimama na kugeuka ndani yake, kiache wazi sebuleni, umlishe humo kila jioni, na siku ya safari umtandikie kitambaa chake cha kulalia bila kukifua.