Kabla hujanunua unga wa kuongeza kinga, uliza majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe

Jumatatu iliyopita mzee wangu, mgonjwa wa saratani, alipigwa CT skani, na daktari akatuonyesha pafu la kulia: palipokuwa na uvimbe pamebaki kovu. Nilitoka nje nikalia. Jioni nikakuta ujumbe wa dada mmoja. Mama yake ana saratani ya mlango wa kizazi, imesambaa, na anataka kujua baba nilimpa unga gani wa kuongeza kinga.

Nilimpa, ndiyo. Mlonge, habbat soda, na chupa za maji ya kahawia alizoleta shangazi. Miezi miwili ilipotea hivyo, na mchango wa ukoo ukaishia humo. Bado inaniuma.

Tulidhani kinga ya mzee imechoka. Daktari mmoja kijana ndiye aliyetukalisha chini akasema hapana, kinga yake imeshikwa mkono. Chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, ndizo askari wa mwili, zina protini juu yake, PD-1. Ipo kwa sababu njema, maana askari asiyezuilika angeushambulia mwili wenyewe. Ikigusana na protini mwenzake, PD-L1, askari hushusha rungu. Saratani nyingi zimejifunza kujivika hiyo PD-L1. Askari wanafika hadi ndani ya uvimbe, na kila wakinyanyua rungu mkono unashikwa. Unga gani utauachia mkono huo?

PD-1 iligunduliwa mwaka 1992 na kundi la Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani. James Allison wa Marekani naye alionyesha kwamba ukiziba breki nyingine, CTLA-4, panya wanaushinda uvimbe. Mwaka 2018 wote wawili walipewa Nobeli ya tiba. Mimi ni mwalimu wa jiografia, lakini haya niliyasoma usiku kucha mpaka nikaweza kuuliza maswali kliniki bila kubabaika, na hilo najivunia.

Dawa ya mzee inaitwa pembrolizumabu. Inakaa juu ya PD-1, mshikaji akose pa kushika. Lakini kwanza kinyama chake kilipimwa PD-L1, na ilizidi asilimia 50, ndiyo maana alianzishiwa dawa hiyo peke yake bila kemo, yaani dawa za kemikali za kuua saratani. Kinyama hichohicho kilikuwa kimekaa maabara ya hospitali ya kwanza wiki nyingi, hakuna aliyetuambia kinaweza kupimwa zaidi. Hilo nimeshindwa kulisamehe. Ulizeni, ndugu zangu! Msisubiri kuambiwa.

Dripu zenyewe, kila baada ya wiki tatu, sina cha kusimulia. Ila mwezi wa tano mzee aliharisha siku nne akanificha, akanunua vidonge duka la dawa. Kumbe askari walioachiwa walikuwa wanashambulia utumbo. Alilazwa, akapewa steroidi, dawa za kutuliza kinga, akapona. Kwa hiyo mgonjwa wako akiwa kwenye dawa hizi, kuharisha, kikohozi kipya au kuishiwa pumzi ni jambo la kumpigia daktari siku hiyohiyo. Na usimfiche unachompa nyumbani.

Sisemi dawa hii ni ya kila mtu. Wapo wengi ambao haiwafanyii kazi, na bei yake imeuza mashamba ya watu. Ndiyo maana nasisitiza kipimo kwanza, pesa baadaye. Mtu anayekuuzia kinga kwenye kopo bila kuuliza hata jina la saratani hamjali mama yako, anajali mfuko wako. Mwogopeni Mungu, nanyi mnaouza.

Dada yangu, kesho ukienda kliniki beba karatasi ya majibu ya kinyama cha mama. Uliza kama kinyama bado kipo maabara na kama PD-L1 imepimwa, kwa sababu hata saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa hutazamwa hivyo kabla ya kuongezewa dawa hii juu ya kemo. Andika jibu kwenye daftari, kisha unitumie ujumbe. Nitakuwa macho.